Kilio Chini ya Uzi wa Tuli

1

Osmundi alikuja asubuhi amevaa shati jeusi, nami nikamwambia limempendeza. Mume wangu si mtu wa mashati meusi. Siku nyingine ningemuuliza anakwenda kumzika nani, walau kwa mzaha, lakini uzi ulikuwa umeshakaa mgongoni mwangu tangu mvua za kwanza, na maswali ya namna hiyo yalikuwa hayanijii tena. Yalinijia mawazo mafupi mafupi. Shati. Jeusi. Zuri.

"Nakwenda Songea kikazi," alisema. "Narudi kesho."

"Haya. Ukipata nafasi pita Namtumbo umwone mama. Mwambie bintiye bado amelala kama alivyomwacha."

Alishika chuma cha kitanda. "Nitapita," alisema, kisha akainama akaniwekea paji lake la uso juu ya langu, akakaa hivyo muda mrefu. Nikasubiri amalize.

Alipotoka niligeuza macho kwenye skrini ya ukutani, ambako mtoto wangu alikuwa akijinyoosha. Nasema hivyo kwa sababu nilimwona. Tumboni sikumsikia hata siku moja. Uzi unazima mengi, na teke la mtoto limo.

Watu wa mjini, huku Iringa, wanaiita nyumba yetu Nyumba ya Magogo, kwa kuwa tunalala kama magogo. Jina la kwenye lango ni zuri zaidi lakini hakuna anayelitumia. Tuko kumi na kitu humu wodini, kila mmoja ameshapoteza mimba zaidi ya moja. Mimi wa kwanza alitoka kabla sijamzoea. Wa pili alizaliwa hai akapumua mpaka adhuhuri. Baada ya huyo nilikubali uzi hata kabla daktari hajamaliza kueleza.

Uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Wanaupitisha kando ya uti wa mgongo, nao unafanya kazi mbili. Unakilegeza kizazi kisibane kabla ya wakati wake, na unazima hofu, hasira na huzuni, ambazo ndizo hukiamsha kizazi kikaanza kubana. Unaitwa Tuli. Kuna kazi ya tatu ambayo hawakuitia kwenye matangazo: miguu haishiki. Na kwa kuwa uzi hauna macho ya kuchagua, furaha nayo imekwenda na maji.

Sikulalamika. Mtu hulalamika kwa kitu anachokitaka.

2

Aliyekuwa akituhudumia ni Sista Kihwele, Mhehe wa hapo hapo, mnene wa sauti na mwepesi wa miguu. Mimi ni Mngoni, Kandida binti Gama, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa watani, na mtani habishi hodi. Angeingia asubuhi na beseni la maji akisema, "Mngoni, bado upo? Nilidhani umeshatoroka. Kwenu si ndiyo kazi, babu zako walikimbia kutoka kusini mpaka pumzi zikawaishia Songea."

Nami ningemjibu, "Nimebaki nimlinde mbwa wa getini asiishie chunguni mwenu Wahehe. Tangu uingie zamu habweki."

Nilijibu kwa mazoea tu. Mdomo unajua njia hata moyo ukiwa umelala. Lakini yeye alicheka kwa niaba yetu sote, na nadhani alijua kwamba anacheka peke yake.

Asubuhi ile, Osmundi hajafika hata mbali, Sista Kihwele aliingia bila beseni. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni juu ya sare, na usoni amejipaka unga. Hakunisalimu. Aliinama chini ya kitanda changu akatoa ndala zangu ambazo sijazivaa tangu nilale, akazivaa. Akachukua mtandio wangu kwenye msumari akajitanda. Kisha akaketi kwenye kiti cha wageni, akatanua magoti, akapaza sauti wodi nzima isikie.

"Kilio hiki hakiendi popote! Nimekaa mlangoni, jeneza halipiti mpaka mtani nilipwe! Bi mkubwa wa watu kafa, nyie mmekaa kimya, mnataka mumzike kimyakimya mpate kula pilau peke yenu? Wangoni kwa uchoyo!"

Wale wenzangu waligeuza vichwa polepole. Hakuna aliyecheka wala aliyeshtuka. Nyumba ile haina mtu wa kushtuka.

"Bi mkubwa yupi?" niliuliza.

Sista Kihwele alikutanisha magoti. Unga ulikuwa ukimdondoka kidevuni.

"Mtani," alisema kwa sauti nyingine. "Bwana si amekuja? Si amekaa na wewe hapa?"

"Amekuja."

"Ameniomba nimfungulie kabla ya saa za kuona wagonjwa. Ameniambia anawahi ndege, anakwenda kumzika mkwewe. Nikajua amekuja kukwambia." Alivua mtandio, akaukunja, akaukunjua. "Nikasema mtani akisikia kilio akanyamaza ni tusi kwa marehemu. Nikasema nisiwe wa mwisho. Mungu wangu, Kandida. Hujaambiwa."

Hajawahi kuniita kwa jina kabla ya hapo.

Kwa hiyo mama yangu amekufa. Nilisema ndani kwa ndani, halafu nikasema kwa sauti: "Mama yangu amekufa." Nikangoja. Najua namna habari ya kifo inavyopaswa kuingia, nilishazika watoto wawili. Huja na uzito kifuani, mikono inakufa ganzi, masikio yanaziba. Nikangoja kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri tu. Kwenye skrini ya ukutani mtoto alikuwa ananyonya kidole.

"Hizo ndala zinakubana," nilimwambia Sista. "Zivue."

Akaangua kilio yeye.

3

Daktari Mwemezi alifika mbio, jambo ambalo hakuna anayelifanya katika nyumba ile. Alitazama skrini, akatazama kizazi, akatazama mapigo ya mtoto, ndipo akanitazama mimi.

"Pole sana, mama."

"Ahsante. Usimfukuze Sista. Amefanya alivyofundishwa kwao."

"Simfukuzi." Aliketi pale pale kwenye kiti cha wageni. Ni kijana wa Kihaya, mpole, mwenye tabia ya kusugua miwani anapotafuta maneno, na safari hii aliisugua mpaka nikadhani itavunjika. "Ulishalala tangu usikie? Hata kusinzia kidogo?"

"Bado. Kwa nini?"

"Kwa sababu kumbukumbu hukauka usingizini. Mtu akipata habari, haikai mahali pake moja kwa moja. Inakuwa bado mbichi. Akilala ndipo inashika, pamoja na uchungu wake, na ndiyo maana mfiwa akiamka asubuhi ya pili anaumia kuliko ya kwanza. Sasa habari ikiingia wakati uzi unafanya kazi, inaingia bila uchungu. Ukilala hivyo, inashika hivyo."

"Na uzi ukitolewa, baada ya kujifungua?"

"Utajua kwamba amekufa. Utajua ni lini. Lakini huzuni haihifadhiwi mahali ikusubiri, mama. Wako waliofiwa humu ndani wakaambiwa. Mmoja alifiwa na mumewe. Alikuja hapa mwaka mzima baadaye, mtoto mgongoni, ananiomba dawa ya kulia. Aliniambia anajua mumewe amekufa kama anavyojua bei ya sukari."

Nikaelewa. "Ndiyo maana mnawaambia ndugu wafiche."

"Ndiyo maana. Mtoto ni sababu moja. Hii ndiyo ya pili. Tulikuwa tunakuwekea kilio chako, uje ulie siku ya kulia. Wauguzi hatukuwaeleza, kosa ni letu."

Pale mlangoni Sista Kihwele alijifunika uso na kanga.

Nilimuuliza nikipunguza uzi leo, kabla ya kulala, itakuwaje. Alisema huenda nikalia kama watu. Alisema pia kwamba kizazi huenda kikasikia, na kikianza kubana hana hakika ya kukituliza, na mtoto akija leo mapafu yake hayajakomaa. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, namshukuru kwa hilo.

"Na huku kulala?" niliuliza. "Miezi yote hii kitandani, nako hakumsaidii?"

Alivaa miwani. "Ukiniuliza kama daktari, kulala kwenyewe sina ushahidi nako. Wenzetu walishapima zamani, wanawake wanaolala na wanaotembea, wakaona hakuna tofauti. Kuna hasara hata. Damu inaganda, nyama za miguu zinanyauka. Kinachokizuia kizazi ni uzi."

"Basi kwa nini nalala?"

"Kwa sababu uzi umezima miguu. Ukisimama utaanguka."

Zamani jibu kama hilo lingenitia hasira ya siku nzima. Nililipokea, nikaliweka pamoja na mengine.

Kabla hajaondoka aliniambia atausogeza mbele usingizi wetu wa alasiri, ule unaoletwa na uzi wenyewe, usije kwangu mpaka magharibi. Zaidi ya hapo hana uwezo. Na uamuzi, alisema, ni wangu peke yangu. Kando ya mkono wangu wa kulia kuna kigurudumu kidogo cha kupunguza na kuongeza Tuli, na kwa sheria ya nyumba hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kukigusa. Wanaona fahari sana kwa sheria hiyo. Tangu nilale sijakigusa, kwa kuwa uzi huohuo unaondoa hamu ya kukigusa.

4

Osmundi alipiga simu ya video kutoka msibani. Nyuma yake niliona turubai, wanawake wamekaa chini, moshi wa sufuria. Alikuwa ameshaambiwa na daktari.

"Mke wangu," alisema.

"Mlinificha."

"Tulikaa kikao. Kaka zako, shangazi, mimi. Tulikubaliana wote. Kandi, tulikuwa tunakuhifadhia."

"Amekufa kwa nini?"

"Moyo. Alikuwa anaanika mahindi."

"Mahindi yameanuliwa?"

Alinitazama. Nilijua nimeuliza kitu ambacho hakiulizwi, lakini ndicho kilichonijia, na mama asingependa mahindi yanyeshewe.

"Yameanuliwa," alisema. "Sikiliza. Daktari ameniambia unachofikiria. Usikiguse kile kigurudumu. Nakuomba, nimepiga magoti hapa watu wananiona. Mama hatarudi. Huyu yuko njiani. Mama mwenyewe angekuambia ulale."

"Ni kweli," nilisema. "Angeniambia hivyo. Angenitukana juu."

"Basi?"

"Basi nitafikiri."

Mazishi yalikuwa saa kumi. Nikafikiri.

Sitaki mtu aone kana kwamba nilikuwa ninapambana. Mapambano yanahitaji pande mbili zinazovutana, na ndani yangu hapakuwa na upande wowote unaovuta. Hili ndilo gumu kulieleza. Ilinibidi niamue kumlilia mama yangu hali sina hamu yoyote ya kulia. Sikumwonea huruma. Sikujionea huruma. Hata hofu ya kumpoteza mtoto wa tatu nilikuwa naijua kwa kuisoma tu, ilikuwa imeandikwa mahali, na mahali pengine imeandikwa kwamba kuna mwanamke aliyenizaa na anafukiwa leo.

Nilijaribu kukumbuka nikiwa mzima ningeamuaje. Yule Kandida wa zamani, mwenye domo na machozi ya karibu. Nikaona kwamba yeye angekasirika. Angesema: mmekaa kikao mkaniamulia ya kilio, daktari kaniamulia ya miguu, uzi umeniamulia ya moyo, sasa na hili mnataka liamuliwe na usingizi? Sikuwa na hasira yake, lakini nilizikumbuka hoja zake, nazo zilikuwa hoja nzuri.

Nikamwita daktari. Nikamwita na Sista Kihwele, ambaye alikuja ameosha uso.

"Napunguza," nilisema. "Kidogo kidogo. Daktari atazame kizazi. Na wewe, mtani, ulikuwa hujamaliza kazi yako."

"Kandida, mimi sistahili tena."

"Mama alikaa hapa siku tatu nilipoletwa. Ulimwona. Kwenu msibani si mnamwigiza marehemu? Mwigize."

5

Cha kwanza kilichokuja kilikuwa mwasho. Mgongo wote uliniwasha. Kisha harufu: dawa ya sakafu, jasho langu mwenyewe, maua ya mtu yaliyooza. Kisha kitu kikanigonga kutoka ndani, upande wa kushoto, chini ya mbavu, nikashtuka nikashika tumbo.

"Nini?" aliuliza daktari.

"Amenipiga," nilisema. "Amenipiga teke."

Nikasahau kilichonifanya nizungushe kigurudumu. Ningeweza kukaa hapo mpaka magharibi nikingoja jingine. Alinipiga tena, nikasema "Ee!" kama mtu aliyeitikia hodi.

Sista Kihwele naye alikuwa ameshaingia mlangoni, na hakuwa Sista tena. Alikuwa ameinamisha bega moja, kanga ameibana kwapani, anapiga hodi kitanda kwa kitanda. "Hodi mwanangu. Hodi na wewe. Huyu anakula kweli huyu? Mbona shingo kama ya kuku?" Akafika kwenye skrini akaitazama kwa dharau, akaigonga kwa kidole. "Na wewe unayekodoa macho, umemzaa nani?" Akanusa shuka langu. Akanifinya shavu la mguu, pale pale mama alipokuwa akinifinya, akaonja chai yangu akatema: "Maji ya kuoshea vikombe haya."

Halafu akageukia ukuta, akafunua pindo la kanga pale mama alipokuwa akificha ugoro, ugoro ambao kwa miaka yote alitukatalia kwamba hautumii. Akavuta. Akapiga chafya ya kutikisa madirisha. Na papo hapo akamgeukia mama wa kitanda cha jirani, macho makali, kidole juu: "Nani huyo anapiga chafya hospitalini? Hana adabu!"

Nilicheka. Kilinitoka kicheko ambacho sikukitambua, cha kutoka miguuni nisikohisi. Ni mama! Ni yeye mtupu! Alikuwa akifanya hivyo kanisani, alikuwa akifanya hivyo kwenye mahafali yangu, na hatafanya tena, na hapo nyuma ya kicheko nikakiona kilio changu kinakuja. Kilikuwa kikubwa. Kilikuja na uzito wake wote kifuani, na mikono ikaanza kufa ganzi, nami nikakifungulia mdomo.

Tumbo likakaza.

"Mama," alisema daktari. "Kizazi."

Likakaza likawa gumu kama kibuyu, likalegea kidogo, likakaza tena. Sista Kihwele alisimama na bega lake bado limeinama. Daktari alikuwa anasoma namba kwa sauti ya chini, ya haraka, na mkono wake ulikuwa hewani, karibu na kigurudumu, haukigusi.

Nataka ieleweke. Mwanzo niliamua kulia bila kutaka. Sasa nilitaka. Sijawahi kutaka kitu namna ile, wala maji, wala mwanaume, wala hata watoto wale wawili. Nilitaka kumlilia mama yangu nigaragare chini nitukane Mungu, na kilio kilikuwa hapa, kwenye koo, kimeshafika. Na chini ya mkono wangu mwingine yule mdogo alikuwa anabanwa, naye akapiga teke moja, dogo, la mtu aliyekosa nafasi.

Nikazungusha kigurudumu mpaka mwisho.

Kilio kilirudi kilikotoka. Nilikiona kikiondoka. Mwasho uliisha, harufu ikaisha. Tumbo lilichukua muda, daktari akichoma sindano moja na ya pili, kisha namba zake zikaanza kuja polepole, na mwisho akanyamaza akaketi sakafuni.

"Amekaa?" niliuliza.

"Amekaa."

"Vizuri," nilisema. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita kumi. Magharibi usingizi ulikuja kama ilivyopangwa.

6

Osmundi alirudi kesho yake na lile shati jeusi, sasa lina vumbi. Aliketi akanishika mkono. Alitazama skrini kwanza, mtoto alikuwa amelala, ndipo akanitazama usoni akitafuta kitu.

"Unakumbuka?" aliuliza.

"Nakumbuka. Mama amekufa. Mmemzika jana."

Na nilipotamka hivyo, nikacheka. Si kicheko cha jana, kilikuwa kidogo, cha puani, lakini kilikuja chenyewe na sikuweza kukizuia. Osmundi aliuachia mkono wangu. Sijapata kumwona ameniogopa kabla ya hapo.

Nikarudia kujaribu. Mama amekufa. Kikaja kilekile. Nikaelewa kwamba hiki ndicho kilichoshika. Huzuni ilikuwa bado haijatoka tumbo lilipokaza, kwa hiyo usingizi ulikuta kicheko ukakikausha hicho. Siku watakayoutoa uzi, na siku zote baada ya hapo, nikisikia jina la mama yangu nitacheka. Makaburini nitacheka. Mtoto huyu akiniuliza bibi yake alikufaje, nitamweleza nikicheka, na atakua akidhani sikumpenda.

Nilimweleza Osmundi haya yote. Nilimweleza vizuri, kwa mpangilio. Kisha, ili asiogope, nikamsimulia Sista Kihwele alivyoingia na bega lake, alivyoigombeza skrini, alivyovuta ugoro, alivyopiga chafya na kumgeukia jirani.

Osmundi alicheka. Alimpenda sana mama yangu, na mama alikuwa akimsingizia yeye zile chafya. Alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda, kisha kicheko kikamkatika katikati, mdomo ukabaki wazi, na nikaona amefika pale nilipofika mimi jana. Yeye akapita. Akaweka kichwa kwenye godoro kando ya mguu wangu, akalia kwa sauti, mabega yanaruka, anamwita mama, mama, kwa jina nililokuwa nikimwita mimi.

Nilimtazama kwa makini, nijue inavyokuwa. Aliponyanyua uso na kutaka kuufuta, akiona aibu mbele ya wodi nzima, nilimshika mkono.

"Usiache," nilimwambia. "Endelea."